Kilo Mbili za Wiki ya Pili

Mkazi wa Igoma anayeamua kupunguza mwili kwa kawaida huanza Jumatatu. Anaacha chapati za asubuhi, anapunguza ugali wa usiku, na kabla jua halijachomoza yuko kandokando ya Barabara ya Musoma akikimbia mchakamchaka kuelekea Kisesa, au anapanda na kushuka vilima vya mawe ambavyo jiji la Mwanza limejaliwa kuwa navyo kila upande. Misuli inauma, njaa anaivumilia, soda ameisusa. Siku ya kumi au ya kumi na mbili anapanda juu ya mizani na kukuta ameongezeka kilo moja na nusu, pengine mbili. Wengi huishia hapo hapo. Anayebaki hubaki na mashaka: ama mazoezi hayamfai, ama mwili wake ni wa kuzaliwa nao, ama walimu wa jimu wanauza maneno. Nitatetea jambo moja katika uchambuzi huu, nalo lina pande mbili zisizopaswa kutenganishwa. Kwa karibu watu wote, kilo hizo za mwanzo ni maji wala si mafuta, na anayeacha mazoezi kwa sababu ya kilo hizo ameacha kwa habari isiyo sahihi. Lakini maelezo ya maji yana muda wake, na muda huo ni mfupi. Uzito unaoendelea kupanda baada ya mwezi na zaidi hauwezi kusingiziwa maji. Hapo jibu litafutwe kwenye sahani, kwenye dawa, au hospitalini.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayofunga mjadala wa wiki mbili za kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kilokalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo mbili za mafuta ndani ya siku saba, anahitaji kula ziada ya kilokalori 15,400, yaani 2,200 kila siku juu ya mahitaji yake. Mwanamke ambaye mwili wake hutumia kilokalori 2,000 kwa siku angelazimika kula 4,200. Unga mkavu wa mahindi una kilokalori kama 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo angehitaji kusonga na kumaliza peke yake zaidi ya kilo moja ya unga kila siku, tena siku saba mfululizo. Hakuna anayefanya hivyo bila kujua, na hafanyi hivyo mtu aliyepunguza chakula. Hata tukikubali kwamba anakula kuliko anavyodhani, na nitalirudia jambo hilo kwa urefu, bado hesabu ya kilo mbili za mafuta kwa wiki haitimii. Kilichopanda haraka namna ile hakina budi kuwa kitu kinachoingia na kutoka mwilini kwa haraka, na kikuu cha namna hiyo ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji.

Maji hayo huingia kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mizani hushtuka. Ya kwanza ni misuli yenyewe. Misuli ambayo haijazoea kazi inapotumikishwa, nyuzi zake huchanika kwa kiwango kidogo sana, na mwili huzikarabati kwa kupeleka damu, chembe za kinga na maji mahali pale. Maumivu yanayomfanya mtu ashindwe kushuka kwenye daladala siku ya pili au ya tatu ndiyo alama ya ukarabati huo, na uvimbe wake una uzito ingawa macho hayauoni. Kuna jambo ambalo watu wa Mwanza wangefaa kulijua kuliko watu wa nchi tambarare: kushuka mlima huumiza misuli kuliko kuupanda. Wakati wa kupanda, misuli ya paja hufanya kazi huku ikijikunja; wakati wa kushuka, inafunga breki huku ikinyooshwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi zaidi. Anayeanza mazoezi kwa kupanda vilima vya mawe hujisifu kwa mwinuko, kumbe uzito wa keshokutwa yake unatokana zaidi na mteremko.

Njia ya pili ni ghala la wanga. Misuli ya mtu mzima huhifadhi gramu 300 hadi 500 za sukari iliyofungashwa, iitwayo glaikojeni, na ini huweka kama gramu 100 nyingine. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Misuli inayoanza kufanyishwa mazoezi hujifunza kuweka akiba kubwa zaidi kwa ajili ya safari ya kesho. Ikiongeza gramu 150 tu, pamoja na maji yake, tayari ni zaidi ya nusu kilo. Kwa haki, njia hii haimhusu kila mtu kwa kiasi kilekile: aliyepunguza wanga sana, ghala lake hupungua badala ya kujaa. Lakini wengi wa wanaoanza mazoezi ukanda huu hawaachi ugali wa mahindi wala wa muhogo. Hupunguza kidogo usiku na kufidia mchana. Udaga wa muhogo ni karibu wanga mtupu, na mtu anayekimbia asubuhi kisha akala ugali wake mchana anaipa misuli yake kila kitu inachohitaji kujaza ghala.

Njia ya tatu ni damu. Ndani ya wiki moja au mbili za kukimbia au kuendesha baiskeli, sehemu ya maji ya damu huongezeka kwa asilimia 10 au zaidi. Hapa mwili unajiandaa. Damu nyingi zaidi hurahisisha kazi ya moyo na husaidia kupoza mwili kwa jasho, jambo lenye maana kwa anayekimbia kwenye joto la Kanda ya Ziwa. Mtu mzima ana karibu lita tatu za maji hayo, kwa hiyo asilimia 10 ni theluthi ya lita. Mizani huihesabu theluthi hiyo kama kasoro, ilhali mwalimu yeyote wa riadha angeichukua kuwa habari njema.

Halafu kuna chumvi, na hapa ukanda wa Ziwa una mchango wake wa pekee. Dripu ya chumvi inayotundikwa wodini ina gramu 9 za chumvi katika kila lita ya maji, kwa sababu hicho ndicho kiwango kinacholingana na majimaji ya mwili wa binadamu. Ukigeuza hesabu hiyo, gramu 9 za chumvi zikiingia mwilini na kubaki huko, zinaweza kushikilia karibu lita moja ya maji mpaka figo zitakapozitoa, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyomo tayari ndani ya chakula. Sasa mtazame mtu aliyeacha nyama ya kukaanga akahamia samaki kwa nia njema. Akila sato au sangara mbichi aliyechemshwa, hana neno. Akila kayabo, sangara aliyekaushwa kwa chumvi ambaye huuzwa pale Mwaloni Kirumba na kusafirishwa mpaka Kongo, amekula chumvi ya siku nzima au zaidi kwa mlo mmoja asipomlowesha na kumwaga maji vizuri. Anayekunywa supu yenye chumvi ya kutosha baada ya kukimbia, kwa imani kwamba anarudisha jasho, mara nyingi hurudisha zaidi ya kile kilichotoka. Chakula chake kina kalori chache kuliko cha zamani, na bado asubuhi pete inambana kidoleni.

Mambo mengine yanatosha kutajwa kwa haraka. Kwa wanawake, siku zinazotangulia hedhi huweza kuongeza kilo moja au mbili za maji, kwa hiyo aliyeanza mpango wake katikati ya mwezi wake atapimwa wakati mbaya kuliko wote. Anayeongeza mchicha, maharage na matunda anaongeza pia uzito wa kile kilichomo tumboni kikisubiri kutoka. Aliyeshauriwa kunywa lita tatu za maji kwa siku kisha akapima jioni amepima chupa alizokunywa. Na mizani nayo ina lake: ile ya muuza nyanya sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, lakini kimizani cha sakafuni kinachowekwa juu ya zulia au kwenye sakafu iliyoinama kinaweza kukosea kilo nzima bila mtu kugundua.

Anayeona maelezo haya ni ya kutunga kwa ajili ya kuwafariji wanene aende kliniki ya watoto. Kila muuguzi anayepima watoto hapa nchini amefundishwa kubonyeza miguu ya mtoto kwa kidole gumba kabla ya kuamini mizani, kwa sababu mtoto mwenye utapiamlo wa kwashakoo huvimba miguu, na uvimbe huo humfanya aonekane ana uzito wa kuridhisha wakati mwili unateketea. Kwa mtoto kama huyo mizani inapanda kwa sababu hali inazidi kuwa mbaya. Jambo hilohilo lilionekana kwa watu wazima katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, ambapo Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea. Vijana wale walikonda mpaka mifupa ikaonekana, na bado miguu na nyuso zao zilivimba maji. Simlinganishi mtu wa Igoma aliyeruka chakula cha jioni na mgonjwa wa njaa. Nasema tu kwamba uzito na mafuta ni vitu viwili, kinaweza kimoja kupanda huku kingine kikishuka, na wahudumu wetu wa afya wanalijua hilo tangu zamani. Ila maarifa hayo hayajavuka kutoka chumba cha watoto kwenda kwa watu wazima wanaokimbia barabarani.

Kanuni hii ina upande wa pili ambao watu wachache hupenda kuusikia. Ikiwa kilo za kupanda ni maji, basi kilo nyingi za kushuka kwa kasi nazo ni maji. Katika miaka ya karibuni mjadala wa chakula nchini umechangamka kutokana na Profesa Mohamed Janabi, ambaye alipokuwa akiongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili alihimiza hadharani kupunguza wanga na sukari na kuongeza saa za kukaa bila kula. Wengi walimfuata, na wengi wakatangaza kwamba wamepungua kilo tatu au nne katika wiki ya kwanza. Ushauri wa kupunguza sukari sina ugomvi nao. Lakini kilo nne za wiki ya kwanza zinaelezwa na ghala la glaikojeni lililomwagika pamoja na maji yake, pamoja na chumvi iliyopungua kwa sababu chakula kimepungua. Mtu huyo akienda kwenye harusi Jumamosi, akala pilau na kunywa soda mbili, Jumatatu atakuta kilo mbili zimerudi, ataona ameharibu kila kitu, na atajiadhibu kwa kufunga siku mbili. Hakuharibu kitu. Ghala limejaa tena. Anayeshangilia maji yanayotoka hana namna ya kutolia maji yanaporudi, na huyu ndiye mtu ambaye baada ya miezi miwili hutamka kwamba amejaribu kila njia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii hutoka kwa marafiki zake, hasa walimu wa jimu. Wao husema uzito umepanda kwa sababu “misuli ni mizito kuliko mafuta.” Ni kweli kwamba ujazo uleule wa misuli una uzito zaidi: lita moja ya misuli ina kilo 1.06 hivi, ya mafuta kama 0.9. Lakini misuli haijengwi kwa siku kumi. Hata kijana anayenyanyua vyuma kwa bidii na kula protini ya kutosha huhitaji wiki nyingi kuongeza kilo moja ya misuli ya kweli, na mtu anayekimbia tu huku amepunguza chakula huenda asiongeze hata hiyo. Jibu la misuli linapendwa kwa sababu linasifu. Mteja anatoka kifua mbele. Ubaya wake ni kwamba halina mwisho. Mtu anaweza kuongezeka kilo sita kwa nusu mwaka akiendelea kuambiwa ni misuli, huku suruali ikikataa kufunga. Maelezo ya maji yana faida ya kuweza kukamatwa yakiwa ya uongo: maji ya ukarabati wa misuli hupungua mwili unapozoea, ya hedhi huondoka na mzunguko, ya chumvi hutoka chumvi ikipungua, ya damu na ya ghala hufika kikomo chake. Baada ya wiki nne, au sita kwa anayeongeza mazoezi hatua kwa hatua, kinachoendelea kupanda ni kitu kingine.

Hapa ndipo pingamizi la pili linapoingia, nalo ni zito zaidi: je, haya si visingizio tu kwa watu wanaokula sana? Kwa wiki mbili za kwanza, hapana. Hesabu ya unga imeshajibu. Kwa mwezi wa tatu, mara nyingi ndiyo, ingawa neno “visingizio” linawaonea. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa Steven Lichtman na wenzake huko New York, waliowachunguza watu walioapa kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Walipopimwa kwa njia za kimaabara, ilionekana miili yao inatumia nishati ya kawaida. Tatizo lilikuwa makadirio: walikuwa wakila karibu mara mbili ya walivyoandika, na mazoezi yao walikuwa wameyakuza kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Binadamu hana kipimo cha kalori kichwani, na chakula cha pamoja kwenye sinia, kama tunavyokula sisi, kinafanya makadirio kuwa magumu zaidi kuliko sahani ya mtu mmoja ya New York. Nani anajua amemega matonge mangapi? Nani amehesabu mafuta yaliyomiminwa kwenye dagaa wa kukaanga, wakati kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori kama 120?

Kuhusu mazoezi, ushahidi ulio karibu nasi kuliko wowote uko mwendo wa siku moja kutoka Mwanza, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati inayotumiwa na Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume wao walitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu kilomita 6, mwendo ambao hakuna mwanachama wa klabu ya jogingi anayeufikia kila siku. Watafiti walitarajia kukuta miili inayochoma nishati nyingi mno. Walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hutumia kwa siku nzima nishati inayokaribiana na ile ya Mmarekani anayekaa ofisini. Mwili wenye kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Matokeo hayo yamezua ubishi mkali, na ubishi huo ni wa haki, kwa sababu Wahadzabe si watu wa mjini walioanza mazoezi jana. Lakini uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 na Vincent Careau na wenzake, ukiwahusisha zaidi ya watu wazima 1,700, ulionyesha kwamba kwa wastani zaidi ya robo ya nishati inayochomwa na shughuli za mwili hufidiwa kwa kupungua kwa matumizi mengine, na fidia hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye mafuta mengi. Habari hiyo ni chungu, maana wanaohitaji zaidi mazoezi ndio wanaopunjwa zaidi na mahesabu yake.

Ongeza juu ya hayo fidia ya mdomo. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi kilomita tano anatumia kilokalori kama 200 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Akikimbia, zinakaribia 400. Soda moja ya mililita 350 ina karibu 150. Chapati moja iliyopikwa kwa mafuta ina 250 na kuendelea, na mtu hali moja. Klabu nyingi za jogingi humalizia Jumamosi kwa supu na chapati, na sioni ubaya wa kula pamoja. Bila supu ile huenda nusu ya wanachama wasingeamka. Lakini mkimbiaji akijua kwamba kilomita zake tano zimelipia chapati moja na nusu tu, hatashangaa tena kwa nini mwezi wa tatu mizani haijashuka. Kuna pia fidia ya kimyakimya: aliyekimbia alfajiri hupanda bodaboda kwa safari ambayo zamani aliitembea, na hulala mchana. Igoma ni kama kilomita kumi kutoka katikati ya jiji, na wengi waliohamia hapo kutoka Magu, Kwimba au Misungwi waliacha nyuma maisha ambamo jembe na kisima vilikuwa mazoezi tosha bila kuitwa hivyo. Nusu saa ya mchakamchaka haiwezi kurudisha siku nzima ya shamba.

Basi mazoezi yana faida gani? Anayeuliza hivyo anachukulia kwamba kazi ya mazoezi ni kupunguza kilo, na hilo ndilo kosa lililomfikisha kwenye mizani siku ya kumi. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, huifanya misuli ifyonze sukari vizuri hata kabla uzito haujabadilika, hupunguza mafuta yanayozunguka ini na utumbo, na humsaidia aliyepungua asirudi alikotoka. Katika nchi ambayo mwaka 2010 asilimia 22 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi, na kufikia utafiti wa 2015 na 2016 wakawa asilimia 28, faida hizo si ndogo. Serikali ililiona hilo mapema: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Uzinduzi ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia waliojitokeza nini kitatokea Jumatatu iliyofuata.

Kuna kundi la tatu, dogo lakini lisilopaswa kusahauliwa, ambalo uzito wake haupandi kwa maji ya mazoezi wala kwa sahani. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Vidonge vya prednisolone na deksamethasone, ambavyo wengine huvinunua kwa siri ili wanenepe, hujaza maji na mafuta usoni na tumboni. Dawa ya dolutegravir, iliyomo katika kidonge cha kila siku cha wengi wanaotumia ARV nchini tangu 2019, ilionekana kuambatana na ongezeko la uzito katika majaribio ya Afrika Kusini na Kameruni yaliyochapishwa mwaka huohuo. Hakuna kati ya dawa alizoandikiwa mtu inayopaswa kuachwa kwa uamuzi wake mwenyewe. Ni jambo la kuzungumza na daktari. Ujauzito nao hauna haja ya maelezo. Na kwa watu wa ziwani kuna kichocho cha tumbo, ambacho kwa miaka mingi huharibu ini na kulijaza tumbo maji. Mvuvi wa Ukerewe ambaye tumbo lake linakua huku mikono ikikonda hana kitambi cha kukimbilia barabarani. Vivyo hivyo mtu anayeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu huku miguu ikivimba na pumzi ikimkata anapolala chali: huo unaweza kuwa moyo au figo, na mahali pake ni kituo cha afya, kisha hospitali ya Sekou Toure au Bugando kama atapewa rufaa. Maji ya mazoezi hayaachi shimo mguuni ukibonyeza wala hayamwamshi mtu usiku akitafuta hewa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tarakimu ya mizani ina nguvu kiasi hiki juu ya watu wenye akili zao. Sehemu ya jibu iko katika historia ya ukanda huu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata kukonda kulikuwa tangazo la msiba. Mpaka leo aliyepungua huulizwa kama anaumwa, na aliyenenepa huambiwa amenawiri. Anayeamua kupungua anakwenda kinyume na majirani, shangazi na pengine mwenzi wake, kwa hiyo anahitaji ushahidi wa haraka kwamba hajakosea. Mizani ndiyo ushahidi pekee alioambiwa autazame. Ikisema kinyume wiki ya pili, hana pa kuegemea.

Pa kuegemea papo, tena kwa bei ndogo. Futi ya fundi cherehani, ile ya kuzungusha kiunoni, haidanganywi na maji ya paja wala ya damu. Kiuno hupimwa asubuhi kabla ya kula, kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke hatari huanza kuongezeka kuanzia sentimita 80, kwa mwanamume 94. Anayetaka mizani aitumie mara moja kwa wiki, saa ileile, sakafu ileile, alinganishe mwezi na mwezi, na mwanamke alinganishe siku ileile ya mzunguko wake. Kiuno kikipungua huku uzito umesimama, kazi inakwenda. Vyote viwili vikipanda baada ya wiki sita, aache kutaja maji na misuli, aandike kila anachokula kwa siku saba pamoja na mafuta na vinywaji, na kama daftari halionyeshi sababu apeleke daftari hilo na orodha ya dawa zake kwa daktari. Viongozi wa klabu za jogingi na walimu wa jimu wa Igoma nawaomba kitu kimoja: mgeni akijiandikisha, mpimeni kiuno kabla ya kumpandisha kwenye mizani, na mwambieni siku hiyohiyo ya kwanza kwamba wiki ya pili huenda akaongezeka.